Yaya Anasinzia Akinyonyesha

Elisabethville, Jumapili.

Mvua inanyesha tangu misa ya kwanza. Nimeketi kitandani na sina nguvu hata ya kuvua viatu.

Yaya wangu Anastazia, dada yangu mkubwa, amelazwa kwenye hospitali ninakofanya kazi ya uanfirmie, kuuguza wagonjwa. Walimleta kwa kamyo kutoka Kilwa ya huku kwetu, kando ya ziwa, kupitia Kasomeno, pamoja na mtoto wake anayenyonya. Kule ziwani mbung'o walimuuma, na sasa ana malale, ugonjwa wa usingizi. Ndio uliomuua mumewe. Mchana anasinzia na chakula mdomoni. Usiku anazunguka kati ya vitanda akimwita mume huyo.

Juzi daktari wetu Mbelgiji alimtoa maji ya mgongo, akayatazama kwa darubini.

"Ugonjwa inafika mu bongo," aliniambia.

Daktari huyu Kiswahili chake ni cha kutuamuru tu, lakini juzi alivuta kiti akakaa. Nikamuuliza kwa nini ugonjwa huu unashika usingizi na si kitu kingine.

Alisema usingizi una umri mkubwa kuliko watu. Kila mnyama anayenyonyesha analala: mbuzi, popo, tembo, hata nyangumi huko baharini. Yeye anadhani wote waliurithi kwa babu mmoja, mnyama mdogo wa zamani sana. Ubongo ulikua kizazi baada ya kizazi, lakini usingizi haukuuacha, maana ubongo unajitengeneza tunapolala.

"Lakini huyu, hata analala, bongo yake haipumuzike."

"Na dawa, Docteur?"

"Tulimupatia ile tuko nayo."

Mapadri walinifundisha mengine kuhusu huyo babu. Sikubishana. Ningebishana ili nipate nini?

Leo baada ya misa nilimkuta yaya akinyonyesha. Usingizi ukamshika hapo hapo, mikono ikalegea, nikamdaka mtoto akikaribia sakafu. Mtoto akalia kwa nguvu. Nilifurahi kusikia kilio kile. Nilijiambia, hata mbuzi anaamka mwanawe akilia.

Yaya akafungua macho.

"Ule mutoto ni wa nani?"

Katika chumba kile cha wagonjwa wa malale nimehudumia wengi, na sijaona hata mmoja akirudi kwake.

"Ni wangu, yaya."

"Basi umupe kula. Analia sana."

Akalala tena.

Nimemleta mtoto nyumbani. Mke wangu Paulina anamnywesha maziwa kwa kijiko. Mtoto anageuza uso huku na huku kwenye kifua chake, anatafuta titi ambalo halina maziwa.

Sikulia hospitalini. Hapa ndipo nimelia.

Kesho nitamwosha yaya, nitambadilishia shuka, na akiniuliza tena mtoto ni wa nani, nitamjibu vilevile.

Na siku atakayoacha kuuliza?