Vumbi la Mawe Tuliyopepeta

Mama yangu uliyelala,

Nakuandikia nikiwa kwa mashine ya kusaga mawe, huku upande wa Kiambere, mahali pako chini ya mabati. Tangu tukuzike hakuna mtu alitaka kukaa hapo. Nimekaa mimi.

Unajua vile ilikuwa maji yakiwepo. Unga wa mawe tunaumwagilia kwa ubao ulioinama, umetandikwa blanketi. Mchanga mwepesi unaenda na maji, dhahabu kwa uzito wake inabaki kwa manyoya. Kisha mvua ikakataa, kukauka kukawa kukauka. Wewe ukaleta uteo wa kupepetea ndengu. "Kitu kizito hakipeperuki," ukasema, ukaanza kupepeta unga wa mawe. Wanaume wakacheka: "Mama, leo unatupikia nini?" Ukawajibu, "Mawe. Si mna meno mengi ya kuonyesha?" Jioni chembe za njano zikabaki kwa uteo wako, na kila mtu akaenda kutafuta wake.

Hatukujua, mama. Makapi ya ndengu yanawasha koo, kesho yameisha. Vumbi la mawe linaingia kifuani, linajenga. Ulikuwa unakohoa nami nakuchemshia tangawizi. Tangawizi!

Nilipojifungua nilimpa mtoto jina lako, Ciakuthi. Watu wanamsalimia, "Umeamkaje, nyanya?" naye anacheka na ufizi mtupu. Nilikuwa napepeta naye mgongoni, kwa sababu nisipopepeta hatuli. Juzi akaanza kukohoa. Daktari akasema, "Mtoe kwa hilo vumbi." Hakusema nimpeleke wapi.

Jana nimempeleka Nkubu kwa dada Muthoni. "Baki hapa na wewe," dada akaniambia, "tutabanana tu." Lakini watoto wake wenyewe hawashibi, na nisiporudi kupepeta tutalishwa na nani? Nikamnyonyesha mpaka akalala, nikatoka polepole. Angeamka nisingeweza.

Leo maziwa yananitoka yenyewe, blauzi imelowa, vumbi linashika hapo. Najiambia mvua itakuja, tutaosha kwa maji tena, nimrudishe kabla hajanisahau. Naangalia mlimani, hakuna hata wingu moja. Bado naangalia.

Jana nikimlaza kwa kitanda cha dada, nilimwita kwa sauti ndogo, Ciakuthi, Ciakuthi. Nikasikia ni wewe naita. Nikageuka nikakuacha tena.

Pumzika, mama. Huko naamini unapumua vizuri.

Ni mimi binti yako, mama yake Ciakuthi.