Maji Kwenye Maziwa Yangu

Wamalwa,

Ugali na mboga ya managu nimefunika jikoni. Maziwa iko kwa sufuria. USIONGEZE MAJI! Chemsha, iache ipoe, hiyo krimu ya juu utoe na kijiko, basi.

Asubuhi nilipokushika ukimimina maji kwa maziwa yangu, ukasema ati unapunguza mafuta kwa vile daktari alinikataza. Nimempigia nesi wa kliniki ya Kitale. Amecheka, bana! Mafuta hukaa kwa krimu. Ukishaitoa, kalisiamu ya mifupa inabaki kwa maziwa. Maji yako ilikuwa inapunguza yote mawili. Kwa hivyo chai ya maziwa nitakunywa, si strungi ya matanga isiyo na maziwa. Mungu ni mwema, moyo wangu umetulia.

Na mimi siku hizi zote nilidhani Nyaruai, huyu jirani anayetuletea maziwa, ndiye anatuuzia maji! Kanisani nimekuwa nikimpita kama simjui.

Krimu usitupe. ~~Mpe paka.~~ Kula wewe, umekonda.

Naenda kwa Nyaruai. Maji uliongeza wewe, msamaha naenda kuomba mimi. Jogoo wako usimtafute. Nimembeba.

Mamako