Usiniitikie Kisimani Hadado

Ndugu yangu Issack, wa tumbo moja,

Assalamu alaykum, wewe na nyumba yako yote hapo Waberi. Mimi ni hai. Naanza na hilo kabla ya kuuliza mvua na mifugo, kwa sababu juzi kwenye simu ulilia kama mtoto aliyenyang'anywa maziwa, na hakuna aliyekufa. Nani afe? Mimi Dagane, niliyelala na simba upande wa pili wa ua wa miiba na asubuhi yeye ndiye akaondoka, nife huku kwa watu wanaokaanga panzi?

Haya. Habari ya ngamia? Yule jike mwekundu amezaa? Mvua imeshuka Hadado au bado mnangoja boza la maji? Na goti lako je? Jibu moja moja, usiruke kama kawaida yako.

Najua unachosema sasa hivi: mzee huyu simu anayo, barua ya nini. Ngoja. Sababu utaikuta mbele, na ukiikuta utaacha kucheka. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali hakuna aliyenifundisha kukiandika. Herufi hizi nilipewa na yule karani Mkamba tulipokuwa kazi ya barabara Modogashe, na alisema mwenyewe katika vibarua wote hakuna aliyezishika haraka kama mimi. Tulikuwa wengi.

Watu wakisikia Java wanafikiri ni majani na mpunga tu. Mpunga uko mabondeni, mbali. Kijiji hiki cha mkwe wangu Wagiman kiko juu kwenye mawe meupe, yaleyale ya Wajir, mawe yanayokunywa mvua yote na kuificha. Kiangazi miti yao mikubwa ya msaji inadondosha majani yote, ardhi inapasuka, na boza linapanda mlima likilia. Siku ya kwanza nilipoona madumu ya njano yamepangwa foleni kando ya barabara, na akina mama wanagombania nafasi, nilikaa chini. Nilivuka bahari nzima juu ya ndege nikaja kukuta Hadado!

Lakini ufugaji hawajui. Mbuzi wanakaa ndani ya banda kama wafungwa, na binadamu anakwenda kuwakatia majani anawaletea mdomoni. Nikamuuliza Wagiman, "Hapa nani anamfuga mwenziwe?" Akacheka. Ni kijana mzuri, unamkumbuka, yule mfupi aliyekuja Dagahaley kutengeneza pampu za maji, akamwona Habiba wangu kwenye zahanati, akaja kumposa huku anatetemeka. Nilimpa kwa sababu nilisali nyuma yake nikaona hana haraka. Lugha yao niliishika kwa wiki moja. Dunia kwao ni dunia, wakati ni waktu, habari ni kabar, kaburi ni kubur. Ukiwa na maneno hayo utakosa nini? Nagombana sokoni vizuri kabisa. Wananiita Pak Unta, yaani Baba Ngamia. Walidhani ni tusi.

Sasa sikiliza.

Nyuma ya nyumba, ukimaliza shamba la muhogo, kuna shimo. Wao wanaliita luweng. Limeshuka wima ndani ya jiwe kama kisima, lakini hakuna aliyelichimba, na mdomo wake unaweza kumeza lori. Chini kabisa kuna mto unapita gizani. Upepo baridi unatoka humo hata jua likiwa utosini, na upepo huo unanuka maji. Watu wana kiu, maji yananuka hapo karibu, na hakuna kamba wala ndoo! Kuna maua tu kwenye jani la mgomba. Nikamuuliza Wagiman, mtu wa pampu, mbona huteremshi pampu humu. Akatazama miguu yake. "Hilo hapana, Aabo." Ananiita Aabo, yaani baba, kama Habiba anavyoniita.

Jirani yetu ni bibi mmoja mjane, Mbah Sarinem. Mbah ni kama sisi tunavyosema ayeeyo, nyanya. Mdomo wake mwekundu kwa tambuu na ulimi wake ni shoka. Huyo ndiye aliyeniambia sheria ya shimo: jua likisimama katikati, usipite pale. Ukisikia mtu humo ndani, usijibu. Hata akilia.

"Hata akilia?" nikamwambia. "Nyinyi ni watu gani?"

Akatema mate mekundu. "Ni watu tulio hai, Pak Unta."

Sheria yetu ya kisima wewe unaijua, Baba alitufundisha siku moja kwa fimbo moja, lakini naiandika kwa sababu binti zako watasoma. Kwenye kisima kirefu, aliye chini ndiye anayeimba na aliye juu ndiye anayeitikia. Wimbo si wa kujifurahisha. Aliye chini haoni kitu. Akiitikiwa, anajua kamba imeshikwa. Asipoitikiwa, anajua yuko peke yake na ukuta unaweza kumwangukia. Mtu anayenyamaza juu ya kisima mwenzake akiimba, kwetu hapewi mke. Na mimi nilikuwa mwitikiaji ambaye ngamia walikuwa wakigeuza shingo kutoka mbali, hilo hata maadui zetu wanakubali.

Basi siku hiyo nilikuwa namkatia Wagiman majani ya mbuzi. (Usimwambie mtu.) Jua lilisimama. Nyenje, wale wadudu wanaopiga kelele juu ya miti kutwa, wakanyamaza wote mara moja kama wamefunikwa na blanketi. Nikasikia kutoka chini, "Hoo... hoo... hoo..." Hapakuwa na maneno, ilikuwa pumzi tu, lakini ilikuwa inakwenda na mwendo wa kamba: kuvuta, kupokea, kuvuta, kupokea. Ni mtu anayepandisha ndoo, na hajaitikiwa.

Wewe ungefanya nini? Nilitupa mundu, nikasogea mdomoni, nikaitikia. "Hoobey!" Kwa sauti ile.

Chini pakanyamaza kidogo, kama mtu aliyeinua uso. Halafu wimbo ukaanza tena, na sasa ulikuwa na furaha.

Nikarudi nyumbani najigamba. Nikawaambia wote, mnaogopa shimo, mimi limenijua kwa siku moja. Wagiman hakucheka. Habiba alishika tumbo lake, maana ana mimba kubwa, akasema, "Aabo, usirudi pale." Kesho yake adhuhuri nikarudi. Na siku iliyofuata. Nitakuficha nini? Nilifurahi. Tangu nifike hapa hakuna aliyewahi kuhitaji sauti yangu.

Siku zikapita, wimbo wa chini ukapata maneno. Yalikuwa maneno yetu, ndugu yangu. Ule wimbo wa Baba wa ngamia mweupe anayekunywa mwisho. Nikasema labda mwangwi unachelewa, mawe haya yana ujanja. Halafu siku moja nikaitambua sauti yenyewe. Ilikuwa yangu. Yangu ya ujana, ile iliyokuwa ikivuka mto mkavu wa lagha na kurudi. Jioni hiyo msikitini waliniomba niadhini, maana wanaipenda adhana yangu, nikafungua mdomo, ikatoka kama upepo ndani ya gunia.

Nikaamua siendi tena. Ilikuwa Ijumaa, nikaenda na Wagiman msikitini, na Ijumaa adhuhuri ndiyo saa ya sala, kwa hivyo nilijiona mjanja. Tukarudi, nyumba wazi, chungu kinaungua jikoni. Nilikimbia, Issack. Mimi na umri huu nilimpita Wagiman kwenye muhogo.

Habiba alikuwa ameketi ukingoni, miguu inaning'inia ndani. Mikono yake ilikuwa mbele, vidole vimekunjwa, na ilikuwa inavutika, inarudi, inavutika. Nikamdaka kwa shungi na Wagiman akamdaka kiunoni. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Aabo, si ulikuwa chini? Uliniita ukasema kamba imelegea, nije nishike."

Viganja vyake vina michubuko ya kamba mpaka leo. Kamba hapakuwa nayo.

Nikaenda kwa Mbah Sarinem. Sikugonga mlango. Alikuwa anaanika muhogo, hakugeuka.

"Nilikwambia usijibu."

"Kwetu asiyejibu ni muuaji," nikamwambia. "Aliye chini atakufa."

"Kwenu," akasema, "aliye chini ni mtu."

Nikashika muhogo, nikamsaidia kuanika. Ndipo akaniambia habari ya mumewe, ambaye na yeye alijibu, akiwa kijana, kwa ubishi tu. Akalijibu shimo kila adhuhuri mpaka alipokufa, na tangu afe lilikuwa kimya. Nikamuuliza, kwa nini hamkuhama? Akasema walihama, walikwenda kwa dada yake mjini, na kisima cha dada yake kikaanza kuimba. Maji yote ni ndugu chini huko, alisema. Linakwenda kwenye maji yanayomjua mtu. Na mtu mwenyewe asipojibu, linamwita wa nyumbani mwake.

Imamu wa hapa anasema ni jini, nisome Ayatul Kursi. Naisoma. Wimbo unangoja nimalize kwa adabu, halafu unaendelea.

Kwa hivyo kila adhuhuri niko pale mdomoni. Sala ya Ijumaa na wenzangu imenipita, nasali dhuhuri peke yangu juu ya jiwe. Nilikuahidi nitarudi mtoto akizaliwa. Sirudi. Nikija kwenu, nakuja na hili, na kwenu kuna watoto wengi.

Sasa umefika kwenye sababu ya barua. Ulipopiga simu ulisema wachungaji wa Hadado wanasikia mtu anaimba ndani ya kisima chetu asubuhi saa mbili, na hakuna mtu. Issack, saa mbili ya kwenu ndiyo saa sita ya huku. Ulisema ulikwenda mwenyewe ukasikia wimbo wa Baba kwa sauti yangu, ukalia, na kwamba utarudi kuniitikia, haiwezekani sauti ya nduguyo ikose mwitikiaji. Nikakupigia kelele: usifanye! Na wewe ukasema, "Wewe nani? Mpe Dagane simu." Nikasema ni mimi. Ukasema, "Wewe si Dagane. Ndugu yangu namjua, yuko kisimani."

Neno hilo lilinichoma, lakini sikulaumu. Masikio yako hayakukosea.

Habiba alichukua simu akakuomba ungoje barua yenye mkono wangu, na ukamwapia utangoja. Ndiyo hii. Inakuja na mwanafunzi wa Garissa anayerudi nyumbani. Tazama herufi zangu zinavyopanda kama mbuzi kilimani. Tazama ile "g" yangu uliyokuwa ukiicheka, iliyovunjika mguu. Hakuna mwingine duniani anayeandika vibaya namna hii, na leo najivunia. Kile kitu kimechukua sauti, lakini mkono hakina.

Basi fanya hivi. Funikeni kisima kile kwa miiba, nywesheni mifugo kwingine, hata kama ni mbali. Waambie wachungaji wakisikia wapite, wasijibu, hata nikilia. Najua ni aibu. Najua watasema nyumba yetu imemnyamazia mtu wake kisimani. Aibu hiyo ibebe, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu tuzaliwe, kila kitu nilikuamuru.

Habiba bado kidogo tu ajifungue. Wagiman anataka mimi niadhini kwenye sikio la mtoto, kama babu. Sauti iliyobaki ni kama maji ya mwisho kwenye kibuyu, na nimeacha kuipoteza. Sizungumzi tena, naonyesha kwa mkono, na Mbah Sarinem anasema hatimaye kijiji kimepata amani. Nimechonga koor, kengele ya ngamia, kwa mti wao wa msaji. Adhuhuri naigonga mdomoni mwa shimo, kuvuta, kupokea, kuvuta, kupokea, na mpaka leo limeikubali. Halijui bado kwamba kengele haina maneno ya kuibwa. Nimepata adui mkubwa uzeeni, na ninamweza.

Adhana katika sikio la mtoto haihitaji sauti kubwa. Iliyobaki itatosha, inshallah.

Nisalimie mke wako, mwambie chai yake naikumbuka, ya huku ni sukari na maua. Msalimie dada yetu mkubwa, umwambie Dagane ananenepa, usimwambie kingine. Wasalimie binti zako wanaokusomea, na wasiogope, wana baba mwenye akili, alifundishwa na mimi. Shemeji zetu wa sokoni wasalimie kidogo tu.

Na neno la mwisho liweke moyoni. Mtoto akishaadhiniwa, sauti yangu itakuwa imekwisha, nimempa yeye yote. Tangu siku hiyo ukinisikia kwenye simu, au nyuma ya nyumba, au kisimani Hadado nikikuita kwa jina lako la utoto ambalo Mama peke yake alikuwa akilitumia, si mimi. Mimi niko huku kwenye mawe, nimenyamaza, kamba nimeshika.

Ni mimi, kwa mkono huu mbaya,
kaka yako Dagane