Tembe za Ramadhani

Jumamosi, 22 Februari

Jana shuleni ilikuwa aibu tupu. Sketi imelowa damu mpaka kitini. Rafiki yangu Gladys akanifunga sweta lake kiunoni, tukatoka darasani, na mlangoni nikaanguka — hata sikumbuki. Mwalimu kampigia Mama. Mama kaja na buibui la akiba, tukarudi nyumbani Bombolulu.

Bibi kanipa habasoda, zile mbegu nyeusi za dawa, na asali. Eti naye alikuwa hivi hivi, na wanawake wote wa nyumba hii, na kila mmoja alistahamili. Haya, hongera zao. Mimi nimechoka kustahamili. Kila mwezi wiki nzima najikunja kitandani, na masomo yananipita.

Jumatatu, 24 Februari

Kliniki na Mama. Bibi kaambiwa tunakwenda kutafuta kitambaa cha Idi.

Daktari Pascalia, mtu wa bara, mpole. Kapima: damu yangu imepungua mno. Kanipa dawa ya kuongeza damu, na tembe nyingine. Mama kasoma pakiti, akairudisha mezani. Hizi si za kupanga uzazi? Daktari akasema ndizo, lakini kwa msichana kama mimi zinapunguza damu na maumivu, ndiyo kazi yake hapa. Moja kila siku, saa ile ile, bila kuruka. Pakiti ikiisha nianze nyingine. Na nile vizuri — Ramadhani hii nisifunge mpaka damu ipande.

Mama aliuliza mara mbili kama nitazaa baadaye. Akaambiwa nitazaa.

Nimemeza ya kwanza. Yarabi, ifanye kazi.

Ijumaa, 28 Februari

Bibi kaziona! Alikuwa akitafuta sindano kabatini mwetu. Katoka nayo pakiti sebuleni, kaishika kwa ncha za vidole. Za nani hizi?

Nikajua nimekwisha. Israa wa nyumba ya pili alikutwa nazo mwaka jana. Katolewa shule, sasa yuko Utange kwa mjomba wake, simu hana. Hakuna aliyemuuliza alizimezea nini.

Mama akajibu upesi: "Ni za Ramadhani, Mama. Salsabil yuwataka kufunga zote mwaka huu, asile hata moja."

Uso wa Bibi ukakunjuka. Kumbe naye alimeza za namna hiyo alipokwenda Hijja, siku zake zisimkute huko. Akanibusu kichwa. Papo hapo akampigia Baba, mwanawe aliye kazini Doha, kumwambia binti yake alivyo na dini. Baba alicheka kwa furaha. Sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi.

Kwa hiyo nitafunga. Mama hakunitazama usoni.

Jumatano, 12 Machi

Saumu, kizunguzungu, saumu, kizunguzungu. Gladys kaniletea maandazi nyuma ya maabara. Anasema mgonjwa ana ruhusa, hata yeye Mkristo anajua. Nikala nusu, nikalia, nikapangusa mdomo.

Nyumbani Bibi kauliza saumu yasemaje. Nikajibu alhamdulillahi. Mgonjwa ana ruhusa, ndiyo. Lakini nyumbani kwetu mimi si mgonjwa.

Jumanne, 25 Machi

Siku zangu zimepita na sikuumwa! Matone tu. Nimekaa darasani kutwa, nikaenda ubaoni bila kushika ukuta. Kumbe wenzangu huishi hivi siku zote. Nimeona uchungu badala ya kufurahi.

Jumatatu, 31 Machi — Idi

Kila mgeni kaambiwa: huyu kafunga zote. Nimepewa pesa za mkono wa Idi na watu nisiowajua.

Jikoni Bibi akamwambia Mama zile tembe sasa zitupwe. Ramadhani imekwisha, na vitu vile havikai kabatini mwa mwari, watu wakiona watasema. Mama akaendelea kukoroga tambi. Nilimngoja aseme neno. 

Nikajisikia nasema, "Bibi, nataka kufunga na sita."

Sita za Shawwal, sunna za baada ya Idi! Mimi, mwenye kucha nyeupe kwa upungufu wa damu. Bibi akasema mashallah, basi tembe zikae mpaka umalize.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Gladys kaenda kwao, maandazi hakuna, kwa hiyo sasa nafunga kikweli. Nimeanguka bafuni. Nikasema niliteleza.

Jumapili, 6 Aprili

Sita zimetimia. Nilikuwa nimeshapanga. Baada ya kufuturu nikamwambia Bibi nataka kufunga kila Jumatatu na Alhamisi, sunna, mwaka mzima. Machozi yalimtoka. Nikajiona mjanja.

Ndipo akanyoosha mkono. "Hebu zilete hizo tembe nikuwekee mimi. Siku ya saumu ntakupa yako. Siku huna saumu ya nini, kujitia madawa bure?"

Akazifunga kwenye pindo la leso yake.

Mama akasema, "Lakini Mama, daktari —"

"Daktari gani?"

Mama akasema hakuna, alikuwa akifikiria jambo jingine. Akaanza kutoa vyombo.

Alhamisi, 10 Aprili

Jumatatu moja. Leo moja. Katikati hakuna kitu. Nimemwomba Mama aninunulie nyingine kwa siri. Anasema duka la dawa la hapa ni la mpwa wa Bibi, na kliniki atatoka kwa kisingizio gani tena. Nikamwambia basi mwambie ukweli tu. Akanijibu, ukweli upi — kwamba tumemdanganya Ramadhani nzima, na Baba tumemdanganya? Nyumba hii ni ya nani?

 Namchukia na namhurumia, yote pamoja.

Jumapili, 13 Aprili

Imekuja. Tangu alfajiri. Si matone, ni ile ile ya zamani, na mapande ya damu. Pedi nimebadilisha mpaka nimeacha kuhesabu. Mgongo wote unauma. Naandika nimelala ubavu.

Kesho Jumatatu. Mwenye damu hafungi, na asiyefunga Bibi hampi tembe. Nimeligeuza hili kila upande, sioni pa kutokea. Na Alhamisi itakuwa vivyo hivyo.

Mama kaingia, kaliona shuka. Kakaa kitandani, kanishika mguu. Akasema anakwenda kumwambia Bibi, sasa hivi, lolote na liwe. Akainuka.

Bibi anaita kutoka jikoni: "Salsabil! Mwanangu, daku nikuwekee wali au mkate wa mofa?" Nimeitika abee.

Mama ameshika kitasa cha mlango. Bado hajatoka.