Ukuta Ndani ya Diski

Ukunda, 4 Mei 1998

Baba, shikamoo. Mimi mzima, nyinyi huko Kinango, na maji je? Nimepata diski ya nje, kikasha cha kuchomeka kwenye kompyuta yangu ya nyumbani ili kila kitu kiwe na nakala. Kompyuta yenyewe kuukuu, hoteli moja ya hapa iliitupa, siiamini. Majina ya wazee wetu uliyonitajia, na aliyonitajia shangazi Mbodze kabla hajafariki, nimeyatia humo yote pamoja. Ya shangazi hakuna mwingine ayajuaye.

Mwanao, Kadzo

Kinango, 15 Mei 1998

Mwanangu Kadzo, marahaba. Sisi wazima, ila vifua vinatubana kidogo, na maji tunayafuata mbali. Umekosea. Mduruma kama sisi ana koo mbili, mlango wa baba na mlango wa mama, na siku ya tambiko wazee wa milango hiyo hawaitwi kwa pumzi moja. Watie ukuta. Nani aliyegawa mashamba ya kilima chote hiki pasitoke ugomvi? Mimi.

Baba yako, Sanga

Ukunda, 23 Mei 1998

Baba, shikamoo. Vifua vyenu vimepoa? Diski yaweza kugawanywa, lakini ikigawanywa inafuta kila kilichomo. Itabidi niwahamishe wote kwenye kompyuta, niigawe, kisha niwarudishe. Nikikosea kitufe kimoja tutamzika shangazi mara ya pili. Tuache, baba.

Mwanao, Kadzo

Kinango, 14 Juni 1998

Mwanangu, nilifika nyumbani salama kutoka huko kwako. Uliniandikia tuache, nikaja kusimamia mwenyewe; ningeacha, ningekuwa Sanga? Lakini tangu nirudi sisemi sana, mpaka mama yako anauliza naumwa nini. Kile kikasha nilikishika kwa mkono huu. Kina watu sitini na watatu, uzito wake ule. Umewatoa wote, uzito uleule. Umewarudisha, uleule. Na ule mstari wa buluu kwenye kioo cha kompyuta ulipokatika vipande viwili, kina baba huku, kina mama kule, nilivua kofia. Kama uliniona, nyamaza. Hapa nimewaambia ukuta nilijenga mimi, wala si uongo sana.

Baba yako, Sanga

Ukunda, 2 Agosti 1998

Baba, shikamoo. Afya ninayo, moyo ndio sina. Kompyuta iligoma, fundi Randu akaja kuisafisha, na diski ilikuwa imechomekwa. Alifuta kompyuta, akafuta na sehemu ya kwanza ya diski akidhani ni mali ya kompyuta ileile. Kina baba wamekwenda, hawako popote. Sehemu ya pili hakuigusa. Niliifungua: majina ya kina mama aliyoyataja shangazi yapo, thelathini na moja, hata herufi haikupungua. Yangekaa pamoja nilivyoyaweka mimi, leo hatuna hata moja. Nisamehe.

Mwanao, Kadzo

Kinango, 11 Agosti 1998

Mwanangu, marahaba. Huyo Randu ana bahati nakaa mbali. Barua nimeisoma mara tatu, na kusoma kwangu unakujua. Kina baba usiwalilie, wako kichwani mwangu. Nitakuja nikutajie upya wote thelathini na wawili bila kukohoa.

Linalonishika ni hao kina mama. Nyumba imeungua upande huu, wao wamelala upande wa pili wa ukuta, hata moshi hawakuusikia. Nikiamka ni hilo, nikila ni hilo.

Sasa nikwambie neno alilolijua shangazi yako peke yake. Kwenye tambiko, upande wa mama yetu alitaja yeye, mimi nilitikisa midomo tu. Namjua mama, namjua bibi, mbele ya hapo ni giza. Mbodze alitaka kunifundisha, nikamwambia hayo mambo ya wanawake. Tambiko ni mwezi ujao na mtajaji ni mimi.

Niandikie hao kina mama. Herufi kubwa, uanze na aliye mbali kabisa. Nitajifunza.

Baba yako, nduguye Mbodze