Kinywa Chenye Ganzi: Kifo cha Daktari Rolón

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Villarrica, Paraguay
Jumatatu, tarehe 9 Februari 2026

Jina: Eusebia Ovelar Cantero
Umri: Miaka 58
Kazi: Mdarizi
Makazi: Yataity

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeugua fizi kwa miaka mingi. Zilikuwa zikitoa damu na usaha, na meno mawili ya chini yalikuwa yanacheza. Madaktari wengine walitaka kuyang'oa. Daktari Anastasio Rolón alisema, "Tuyapiganie kwanza, mama Eusebia."

Mnamo tarehe 7 Februari, Jumamosi, saa sita mchana, nilifika kliniki kwake kwa matibabu ya leza. Msaidizi wake, Lourdes, alikuwa anaondoka kwenda nyumbani. Kwa kawaida daktari hutibu upande mmoja kwa siku, lakini kwa kuwa natoka mbali aliamua kumaliza pande zote. Alinichoma sindano za ganzi juu na chini. Midomo ikafa, ulimi ukafa. Akanivisha miwani myeusi, akaanza kupitisha ule uzi mwembamba wa leza kati ya jino na fizi. Nilisikia harufu ya kuungua tu. Maumivu sikuyasikia.

Yapata saa saba alisema, "Usitikisike, limebaki jino moja." Kisha nikasikia kishindo. Nilivua miwani. Daktari alikuwa sakafuni, ameshika kifua, uso umelowa jasho. Akaniambia, "Ni moyo. Ita watu."

Nilipiga simu ya dharura. Nilijaribu kusema "daktari", nikajaribu "moyo", zikatoka sauti tu, hakuna neno. Mwanamke aliyepokea aliuliza mara kadhaa, kisha akasema, "Mama, nenda kalale. Pombe ikikutoka, piga tena." Akakata. Nilipiga tena, mwingine akasema hanielewi.

Afisa ameniuliza kwa nini sikuandika ujumbe. Sikufikiria. Sijui kwa nini sikufikiria.

Nilitoka nje. Ulikuwa wakati wa watu kulala mchana, maduka yote yamefungwa. Mwanamke mmoja aliniona na damu kidevuni, akarudi ndani, akafunga geti. Kwenye baraza ya nyumba ya pembeni alikuwepo mzee, ambaye sasa najua anaitwa Porfirio Zárate, anakunywa tereré yake, ile chai baridi ya majani. Nililia nikimwonyesha kliniki. Akacheka. "Ehe, binti, mume kakutandika, au ni mvinyo?" Nikamshika mkono, nikamvuta mpaka kikombe kikaanguka. "Haya, haya, nakuja! Usining'oe bega!"

Alipomwona daktari, aliacha kucheka. Yeye ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Daktari alikuwa bado anapumua, macho yake yakiwa kwangu. Nilimshika mkono. Sikuweza hata kumwambia kwamba wanakuja. Gari lilipofika, alikuwa ameshakata roho.

Jioni mke wake alinikuta bado nimekaa kwenye ngazi za kliniki. Ganzi ilikuwa imeisha. Aliniuliza, "Dada, wewe ulikuwa naye. Mbona hukupiga kelele?"

Nikamjibu, "Nilipiga." Safari hiyo neno lilitoka vizuri kabisa.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na ni kweli kwa kadiri ninavyojua.

Sahihi ya shahidi: E. Ovelar C.

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Afisa Nélida Brítez, na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi.