Ziada Kwenye Droo

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili nimeita kikao cha familia, na nikikosea hapo ndoa yangu itapata ufa usiozibika.

Mimi nina duka la vifaa vya ushonaji, zipu, nyuzi, vifungo na lastiki, huu mwaka wa kumi na moja, na wateja wangu ni mafundi cherehani wa mtaa mzima, na ukutani nilimlipa mchoraji aandike kwa rangi nyekundu BEI MOJA, HAIBADILIKI, na kila kitu nimekibandika bei kwa mkono wangu mwenyewe, na kaunta nimemwachia wifi yangu, mdogo wake mume wangu, kwa sababu nilidhani damu ni damu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Tatizo ni mzigo. Mauzo nayakusanya kwenye kopo la maziwa ya unga, kila baada ya miezi mitatu naenda kwa muuzaji wa jumla, na zamani nilikuwa narudi na katoni kumi, kisha tisa, kisha saba, kisha tano, na mwezi uliopita sita, sijui ilikuwaje, labda alikosea kuhesabu, na rafu zangu sasa zina mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza, ilhali vitu vinauzwa vyote na kila zipu naiuza kwa faida ileile niliyoanza nayo, sasa kama faida ipo, mzigo unakwenda wapi? Yule wa jumla kila nikifika ananiimbia wimbo wake, dola imepanda, pesa yetu imeshuka, nikamwambia baba, mimi dola sijawahi hata kuishika, usinitafutie sababu. Nadhani na yeye yumo.

Nikaanza kufungua macho. Kila asubuhi kabla ya kufungua, wifi anapita kwa jirani yetu tunayemwita Bwana Vikapu, anayeuza vikapu nchi za nje, na wakati mtaa mzima tunalia yeye ndiyo kwanza amepaka duka rangi na kuajiri wasukaji wengine wanne, nikajiuliza hizo pesa kazitoa wapi, halafu wifi akitoka kwake anapiga simu uso kaugeuzia ukutani, anaandika tarakimu kwenye kikaratasi, anakitia mkobani. Siku moja alipokwenda kunawa nikaupekua ule mkoba, Mungu anisamehe, nikakuta tarakimu na tarehe tu, siku kwa siku, miezi minne, hazina jina wala maelezo. Juzi nikajibanza stoo, nikamsikia mteja analalamika mbona zipu ameuziwa zaidi ya bei iliyobandikwa, na wifi bila hata haya akamjibu, "Dada, hicho kibandiko ni cha mwaka jana, usinipeleke nacho mahakamani." Bei yangu! Anaipandisha nyuma ya mgongo wangu! Miezi mitano iliyopita aliwahi kuniambia, "Wifi, hizi bei tuzibandue," nikamkata kauli mbele ya wateja, nikamwambia duka hili si la kaka yake, akarudi kaunta, kumbe alikuwa anapanga lake.

Basi nikamtegea. Siku tatu mfululizo nilihesabu zipu kabla hajafika, jioni nikahesabu droo, na mshauri, utashangaa, pesa haikupungua, ilizidi, siku zote tatu ilizidi, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana mtu anayeacha ziada kwenye droo lazima ana jambo kubwa zaidi analolificha. Mume wangu nikimwambia, ananijibu, "Si umuulize mwenyewe?" Mwizi anaulizwa? Jumapili nataka nimfukuze mbele ya wazee wote. Nianze na lipi, zile simu au Bwana Vikapu?

Mimi, Jicho Halilali


Jicho Halilali, anza na glasi ya maji. Kunywa, kaa chini. Barua yako nimeisoma mara mbili: ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikatamani nikuvute sikio.

Unaibiwa, hilo ni kweli, na mtu aliyejenga duka miaka kumi na moja akiona rafu zinabaki tupu ana haki ya kukosa raha. Ila mwizi wako hana mkoba. Zipu hazitengenezwi mtaani kwenu, zinatoka nje, na aliyezileta amelipa dola. Pesa yetu ikishuka, dola ileile anainunua kwa noti nyingi zaidi, naye anamkamua wa jumla, wa jumla anakukamua wewe. Wewe unamkamua nani? Hakuna, kwa sababu umeapa ukutani kwa rangi nyekundu. Unapiga hesabu ya faida kwa bei uliyonunulia jana, wakati zipu ya kuziba pengo lake utainunua kwa bei ya kesho. Halafu pesa zenyewe unazifungia kwenye kopo miezi mitatu mizima, na zinazidi kunyauka humo humo. Dola hujawahi kuishika, sawa, lakini yenyewe imekushika shingoni.

Bwana Vikapu hajakuibia kitu. Yeye analipwa dola, na wasukaji wake anawalipa kwa pesa yetu, kwa hiyo kinachokuumiza wewe ndicho kinachomnenepesha yeye. Ndiyo dunia ilivyo, usimchukie kwa rangi ya duka lake. Na anayetaka kujua dola imeamkaje asubuhi, atamuuliza nani kama si yeye? Simu nazo, mimi nashuku zinakwenda kwa yule wa jumla. Usiniamini. Mwombe wifi yako kile kikaratasi, umwombe safari hii, kisha mpigie wa jumla umsomee tarakimu moja baada ya nyingine, usikie kama si bei zake.

Ama hiyo ziada! Mama wewe, mwizi gani anamwongezea pesa anayemwibia? Ukimpata mwingine nipe anwani yake, nimwajiri.

Wifi yako naye ana kosa, na umwambie. Bei ya duka la mtu haipandishwi kimyakimya, na mteja anayekuta kibandiko kinasema hivi na muuzaji anasema vile atadhani anaibiwa, kama wewe tu. Lakini alikuja kwako kwanza, kwa heshima, na wewe ukamfunga mdomo mbele ya watu. Akarudi kaunta, akalinda duka ambalo umemwambia si la kaka yake.

Sasa sikiliza. Vibandiko vyote vitoke. Bei ipangwe kwa gharama ya mzigo unaokuja. Wa jumla umfuate kila wiki hata kwa katoni moja, hilo kopo utie sukari. Mafundi waelezeni ukweli na wauzieni kidogokidogo, maana na wao wanabanwa, mwenye gauni hataki kusikia habari za dola. Usikope kwa dola hata ukibembelezwa. Na ule ukuta upakwe rangi nyeupe.

Kikao cha Jumapili usikifute. Ulitaka wazee wote wawepo, basi wawepo. Wifi yako akae mbele, na wewe usimame uwaambie kwamba mkoba wake uliupekua, na ulikuta nini. Waambie pia kuhusu zile katoni: kumi, tisa, saba, tano, kisha sita. Muuzaji wa jumla hakukosea kuhesabu, mama. Hiyo moja iliyoongezeka ililetwa na ile ziada ya huyo unayetaka kumfukuza.